Rory Gallagher: Gwiji aliyepiga gitaa moja hadi likabambuka rangi

AGOSTI 1963, mvulana wa miaka 15 aliingia katika duka la ala za muziki mjini Cork, kusini mwa Ireland, na kutoka akiwa amebeba gitaa la umeme ambalo bei yake ilikaribia pauni 100. Mfukoni hakuwa na pesa hizo. Nyumbani kwao pia hazikuwepo.

Mvulana huyo alikuwa Rory Gallagher, ambaye miaka michache baadaye angetajwa miongoni mwa wapiga gitaa hodari zaidi barani Ulaya. Gitaa lenyewe lilikuwa la aina ya Stratocaster, lililoundwa Marekani na kampuni ya Fender mwaka wa 1961. Wawili hao waliandamana kama chanda na pete kwa zaidi ya miaka 31, hadi mauti yalipowatenganisha.

Wanamuziki wengi wakishapata umaarufu hujilimbikizia magitaa na kuyabadilisha wimbo baada ya wimbo. Gallagher naye hakukosa mengine. Alikuwa na Telecaster ya mwaka wa 1966, gitaa lenye mwili wa chuma la National kwa ajili ya nyimbo za kale za blues, na gitaa la kawaida lisilotumia umeme la Martin. Hayo yalikuwa ya kazi maalumu tu. Usiku ulipokolea na ukumbi ukachangamka, lile lile la Cork ndilo lililoning'inia begani mwake.

Alizaliwa Machi 2, 1948 katika mji mdogo wa Ballyshannon, kaunti ya Donegal. Babake, Daniel, alikuwa ameajiriwa na shirika la umeme la nchi hiyo lililokuwa likijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa nguvu za maji ya mto Erne. Baada ya kazi mzee huyo alipiga kodiani. Mamake, Monica, alipenda kuimba na kuigiza. Kwa hivyo mtoto aliyekuja kujipatia riziki kwa gitaa la umeme alizaliwa kando ya bwawa la umeme, katika nyumba ambamo muziki haukuwa kitu kigeni.

Familia ilihamia Derry, upande wa Ireland Kaskazini, ambako mdogo wake Dónal alizaliwa mwaka wa 1949. Baadaye mama na wanawe wawili wakahamia Cork. Ni redio iliyomfundisha Rory mengi. Alinasa matangazo ya kituo cha wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya, na humo akasikia blues na jazz ambazo stesheni za nyumbani hazikuzijali. Alimsikia pia Lonnie Donegan, mwimbaji wa Uingereza aliyekuwa akivuma wakati huo, na kupitia kwake akaanza kuwatafuta Wamarekani weusi waliotunga nyimbo hizo mwanzo.

Akiwa na umri wa miaka tisa, wazazi wake walimnunulia gitaa la kawaida. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kutazama picha, kusoma vitabu na kutegesha sikio. Alipofika miaka 12 alikuwa tayari ameshinda shindano la vipawa mjini Cork.

Ireland ya siku hizo ilitawaliwa na bendi kubwa za kumbi za dansi. Wanamuziki walivalia suti zinazofanana, tarumbeta zikalia, na kazi yao ilikuwa kurudia nyimbo za wengine zilizokuwa zikivuma redioni, ili watu wacheze hadi usiku wa manane. Barobaro aliyetaka kulipwa kwa kupiga gitaa hakuwa na njia nyingine. Mwaka wa 1963, akiwa bado mwanafunzi, Gallagher alijiunga na bendi moja ya aina hiyo iliyoitwa Fontana. Alihitaji chombo cha maana kuliko kile cha bei nafuu cha Rosetti alichokuwa nacho.

Hapo ndipo Stratocaster inapoingia katika simulizi hii.

Leo Fender, aliyeliunda, alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, jimbo la California. La kushangaza ni kuwa hakujua kupiga gitaa. Alichojua ni umeme, na vilevile alijua kusikiliza malalamiko ya wanamuziki waliomletea vifaa vyao kutengenezwa. Magitaa ya umeme ya zamani yalikuwa na mwili wenye uwazi ndani kama sanduku. Sauti ya spika ilipopandishwa, sanduku hilo lilitikisika, likarudisha mtikisiko huo katika nyuzi, na papo hapo mlio mkali wa kuumiza masikio ukajaa ukumbini.

Fender aliondoa sanduku. Alitumia kipande kizima cha mbao, kisicho na uwazi wa kupaaza sauti. Chini ya nyuzi za chuma aliweka sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzuka katika waya, ukapita hadi kwenye amplifaya na kutoka ukiwa muziki. Stratocaster, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1954, ilikuwa na vinasa sauti vitatu vya namna hiyo. Mgongo wake ulichongwa ili usimchome mpigaji mbavuni, na sehemu mbili zilikatwa karibu na shingo ili vidole vifikie noti za juu kabisa. Shingo yenyewe ilifungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika, fundi huifungua na kufunga nyingine.

Umbo hilo halijabadilika sana tangu mwaka huo, na ni vigumu kutaja gitaa la umeme lililoigwa na viwanda vingi kuliko hilo. Buddy Holly wa Marekani ndiye aliyelitangaza mbele ya vijana wa miaka ya 1950. Nchini Uingereza, Hank Marvin wa kundi la The Shadows alikuwa na lake jekundu, na kila mpiga gitaa wa visiwa hivyo akatamani jekundu.

Jim Conlon wa bendi ya Royal Showband alikuwa mmojawapo wa waliotamani. Aliagiza jekundu kutoka Marekani. Lililofika lilikuwa na rangi ya machweo: manjano katikati, ikigeuka nyekundu na kisha kuwa nyeusi pembeni. Conlon alilitumia hadi lile alilotaka lilipowasili, kisha hili la kwanza likapelekwa katika duka la Crowley mjini Cork kuuzwa kama mtumba. Inasemekana lilikuwa Stratocaster ya kwanza kufika Ireland. Nambari yake ya usajili ilikuwa 64351.

Kosa hilo la mtu wa kupakia mizigo ndilo lililomfaa Gallagher. Alikubaliana na duka alipe kwa awamu, kidogo kidogo, kutokana na ujira wake wa kumbi za dansi. Mamake hakufurahi. Kwa familia ya kawaida ya Cork ya wakati huo, deni la karibu pauni 100 halikuwa mchezo, na aliyelichukua alikuwa mtoto wa shule. Mvulana alijitetea kwa hesabu. Alieleza kuwa kwa gitaa la namna hiyo mtu mmoja angeweza kupiga sehemu ya kusindikiza na sehemu ya mbele kwa pamoja, hivyo bendi isingehitaji mpiga gitaa wa pili, na malipo yake yangeongezeka. Ilikuwa hoja ya mtoto anayetaka kitu kwa udi na uvumba. Hata hivyo maisha yake yote yaliyofuata aliongoza bendi yenye gitaa moja tu, akifanya kazi zote mbili kama alivyoahidi.

Fontana ilibadilisha jina na kuitwa Impact, ikazunguka Ireland, na kufika hadi Uhispania kutumbuiza wanajeshi wa Marekani. Gallagher alikuwa akichomeka nyimbo za Chuck Berry katikati ya zile za kawaida. Hatimaye yeye na wenzake wawili walienda Hamburg, Ujerumani, wakiwa watatu tu, bila tarumbeta wala suti.

Katikati ya miaka hiyo ya 1960 nusura hadithi ikatike. Bendi ilipokuwa jijini Dublin, wezi walivunja gari lao na kuondoka na gitaa hilo pamoja na jingine ambalo Gallagher alikuwa ameazimwa. Polisi walikuwa na kipindi kwenye televisheni ya taifa cha kuomba msaada wa wananchi, na wizi huo ukatangazwa humo. Huenda mwizi alitishika, kwani gitaa lililojulikana nchi nzima halingemfaa kitu. Siku kadhaa baadaye lilipatikana limetupwa nje, likiwa limekwaruzwa na kunyeshewa. Kuanzia hapo mwenyewe aliapa kutoliuza.

Mwaka wa 1966 aliunda kundi lake la watu watatu, Taste, ambalo lilipata makao mjini Belfast, katika klabu ya hoteli ya Maritime. Wenzake wa awali waliondoka, na nafasi zao zikachukuliwa na vijana wawili wa Belfast, Richard McCracken kwenye gitaa la besi na John Wilson kwenye ngoma. Novemba 1968 kundi hilo lilikuwa miongoni mwa waliofungua onyesho la kuaga la Cream katika ukumbi wa Royal Albert jijini London. Mwaka uliofuata lilizuru Marekani pamoja na Blind Faith. Agosti 1970 lilipanda jukwaani katika tamasha kubwa la kisiwa cha Wight, na umati ukakataa literemke.

Wakati huo wote, ndani ya kundi mambo yalikuwa yameharibika kwa sababu ya ugomvi kuhusu usimamizi na fedha. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1970 Taste haikuwepo tena. Gallagher alikuwa na umri wa miaka 22. Alianza upya kwa jina lake mwenyewe, na safari hii msimamizi akawa mdogo wake, Dónal.

Sauti yake ya miaka hiyo ilitokana na vifaa vichache mno: Stratocaster, amplifaya ya Vox AC30, na kati yao kisanduku kidogo cha Dallas Rangemaster cha kuongeza ukali wa noti za juu. Mwanafunzi mmoja wa London aliyekuwa akihudhuria maonyesho yake katika klabu ya Marquee alijificha ukumbini na rafiki yake watu walipokuwa wakitoka, ili amuulize siri ya sauti hiyo. Gallagher hakuficha lolote. Alimwonyesha vifaa vyote. Mwanafunzi huyo, Brian May, alienda kununua vya aina hiyo na kuvitumia pamoja na gitaa lake alilojiundia nyumbani, na sauti iliyopatikana ndiyo iliyosikika baadaye katika nyimbo za Queen. Ukarimu kama huo si wa kawaida katika biashara ya muziki, ambako mtu huficha hata unene wa nyuzi anazotumia.

Jukwaani alikuwa mtu mwingine kabisa. Nje ya jukwaa alikuwa mpole, mwenye haya, asiyependa sherehe wala makeke. Akishika gitaa alikimbia, akaruka, akapiga magoti, akatoa jasho hadi shati lake la miraba lililowa chepechepe. Shati hilo na suruali ya jinzi vilikuwa vazi lake la kila siku, wakati wenzake wa miaka ya 1970 walikuwa wakivaa hariri na mapambo ya kumetameta. Kwa kidole cha mwisho alizungusha kitufe cha sauti wakati vidole vingine vikiendelea kupiga, noti zikachipuka polepole kama mlio wa fidla. Nyakati nyingine alivaa kipande cha mrija kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi, kama walivyofanya wapiga blues wa kusini mwa Marekani.

Ni jasho hilo lililolifanya gitaa liwe na sura iliyojulikana kote. Rangi ya magitaa ya miaka hiyo ilikuwa nyepesi, na chumvi ya jasho ikaila usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, hadi mbao ikabaki wazi. Manjano na wekundu wa machweo vikasalia kama vipande vya ramani kwenye kingo. Shingo nayo ililowa jasho kiasi kwamba ikabidi ifunguliwe na kuachwa ikauke kwa muda mrefu, shingo nyingine ikafungwa mahali pake. Ilipokauka ilirudishwa.

Mengine yalibadilishwa kila yalipoharibika. Vipande vya chuma vya shingoni vililiwa na nyuzi na kupachikwa vipya mara nyingi. Chombo cha kutetemesha noti kilizuiwa kwa kipande cha mbao, maana Gallagher hakukihitaji na kilisababisha nyuzi kulegea. Vitufe viliunganishwa upya ili kimoja kitawale ukali wa vinasa sauti vyote. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kilipovunjika, kiliwekwa kingine kisichofanana na vile vitano. Wakusanyaji wa magitaa ya kale hupenda chombo kiwe kama kilivyotoka kiwandani, na hupunguza bei kwa kila skrubu iliyobadilishwa. Kwa mtu aliyetumbuiza usiku mmoja baada ya mwingine, hilo halikuwa na maana. Gitaa lilikuwa jembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasomaji wa jarida la Melody Maker la Uingereza walimpigia kura kuwa mpiga gitaa bora, mbele ya Eric Clapton. Desemba 1971 aliitwa London kurekodi na Muddy Waters, mzee wa blues aliyekuwa akimsikia redioni tangu utotoni. Vipindi hivyo viligongana na maonyesho yake mwenyewe, ikawa kila akimaliza kutumbuiza anaendesha gari kwa kasi usiku hadi studio. Muddy Waters alimsubiri.

Lakini waliomkumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko wote ni watu wa Belfast. Machafuko kati ya Wakatoliki waliotaka kuungana na Ireland na Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza yalikuwa yamelipuka mwishoni mwa miaka ya 1960. Mabomu yalilipuka madukani na barabarani. Jioni katikati ya jiji hapakuwa na watu, na wanamuziki wa nje waliliondoa Belfast katika ratiba zao. Gallagher hakuliondoa. Mwaka baada ya mwaka, aghalabu wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, alirudi kupiga muziki katika ukumbi wa Ulster. Vijana wa pande zote mbili, ambao mitaani wasingeweza kupita mtaa wa wenzao, waliingia kwa mlango mmoja na kusimama bega kwa bega.

Haikuwa hatari ya kubuni. Julai 31, 1975, wanamuziki watatu wa bendi ya Miami Showband waliuawa na watu wenye bunduki walipokuwa wakirudi Dublin kutoka dansi katika Ireland Kaskazini. Baada ya mauaji hayo bendi nyingi za kusini ziliogopa kuvuka mpaka. Yeye, mzawa wa kusini aliyeanza maisha Derry na kujipatia jina Belfast, aliendelea kuvuka. Hakutunga nyimbo za kisiasa wala hakuhutubia mtu yeyote. Alipiga gitaa kwa saa mbili au zaidi, akaenda zake.

Ziara yake ya Januari 1974 katika miji ya Belfast, Dublin na Cork ilirekodiwa na kutolewa kama albamu ya Irish Tour '74, na mwelekezi Tony Palmer akaitengenezea filamu. Wapenzi wengi wa muziki wake huitaja kuwa kazi yake bora, na si bure. Studio zilimfunga pumzi. Hadhira ilimfungulia.

Januari 1975 ulimfikia ujumbe ambao mpiga gitaa mwingine angetupa kila kitu ili aupokee. Mick Taylor alikuwa ameiacha Rolling Stones, na Gallagher aliitwa Rotterdam, Uholanzi, kupiga nao. Alienda na gitaa lake na amplifaya yake, akakaa nao siku chache, wakapiga pamoja. Hakuna aliyempa jibu la kueleweka. Naye alikuwa na ziara ya Japani iliyokwisha kupangwa, tiketi zimeuzwa na wenzake wanamsubiri. Alifunga gitaa ndani ya sanduku lake, akapanda ndege. Nafasi hiyo ilimwendea Ron Wood.

Wapo wanaodai kuwa hapo alikosea. Hoja yao ina uzito kwa kuwa baada ya hapo umaarufu wake haukupanda tena kama ulivyotazamiwa. Lakini ni vigumu kumwona mtu huyo akiwa mpiga gitaa wa pili nyuma ya mwimbaji mwingine, kila usiku, nyimbo zile zile. Alikuwa pia na msimamo mkali kuhusu biashara. Hakutaka kutoa nyimbo moja moja kwa ajili ya kuchezwa redioni, akiamini albamu ni kitu kimoja kisichokatwa vipande. Kampuni za kurekodi zilimbembeleza, hakukubali.

Ukaidi huo ulijitokeza tena mwaka wa 1978 mjini San Francisco. Albamu nzima ilikuwa imerekodiwa kwa gharama kubwa, kampuni ikisubiri kuizindua. Wakati huo huo alienda kutazama onyesho la mwisho la Sex Pistols mjini humo, vijana wa Uingereza waliopiga muziki usiopambwa hata kidogo. Alirudi akaona kazi yake imepakwa rangi kupita kiasi, akaikataa yote. Albamu hiyo haikusikika hadi mwaka wa 2011, ilipotolewa na Dónal. Mwenyewe alivunja bendi, akabaki na mpiga besi wake wa miaka mingi, Gerry McAvoy, na mpiga ngoma mpya, wakarudi kuwa watatu. Nyimbo kadhaa zilirekodiwa upya nchini Ujerumani, zikawa albamu ya Photo-Finish.

Miaka ya 1980 haikumtendea mema. Mitindo ilibadilika, vinanda vya kielektroniki vikashika usukani, na kati ya Jinx ya mwaka wa 1982 na Defender ya mwaka wa 1987 ulipita muda mrefu bila albamu. Hakuoa wala hakupata watoto. Maisha yake yalikuwa barabara, ukumbi, hoteli. Alianza kuogopa kusafiri kwa ndege, jambo zito kwa mtu ambaye ujira wake ulitegemea safari. Madaktari walimwandikia dawa za kumtuliza. Dawa hizo, pamoja na pombe, zikaanza kuliharibu ini lake bila yeye kujua kiasi cha madhara.

Miaka yake ya mwisho aliishi zaidi katika hoteli jijini London, mpweke, uso umevimba, lakini akipanda jukwaani bado moto uliwaka. Fresh Evidence ya mwaka wa 1990 ilikuwa albamu yake ya mwisho. Onyesho la mwisho lilikuwa nchini Uholanzi, Januari 10, 1995. Alionekana wazi kuwa mgonjwa, na sehemu iliyobaki ya ziara ikafutwa.

Alilazwa katika hospitali ya King's College, London. Madaktari walimpandikiza ini jingine, na kwa wiki kadhaa ilionekana atapona. Alipokuwa akijiandaa kuhamishwa kwenda kupata nafuu, aliambukizwa bakteria sugu wa hospitalini wasiosikia dawa za kawaida. Aliaga dunia Juni 14, 1995, akiwa na umri wa miaka 47.

Mwili wake ulirudishwa nyumbani na kuzikwa Ballincollig, nje kidogo ya Cork, maelfu wakijipanga barabarani kumsindikiza. Jiwe la kaburi lake lilichongwa kwa mfano wa tuzo aliyopewa miaka ya 1970 ya mpiga gitaa bora.

Kumbukumbu zake zimeenea. Cork kuna uwanja na maktaba ya muziki vyenye jina lake. Mji wa Ris-Orangis, karibu na Paris, una barabara yake. Sanamu yake ilisimamishwa Ballyshannon mwaka wa 2010, na nyingine ikazinduliwa Belfast Januari 2025, nje ya ukumbi ule ule wa Ulster. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Fender ilianza kuuza nakala za gitaa lake. Mafundi walilazimika kubambua rangi mpya kwa mkono ili zifanane na mbao iliyoliwa na jasho la miaka 30. Mtu aliye na pesa anaweza kununua uchakavu huo ukiwa tayari, bila kutoa jasho hata tone moja.

Gitaa lenyewe lilibaki mikononi mwa Dónal. Mara chache aliwaruhusu wanamuziki wengine kulishika. Mwaka wa 2024 alitangaza kuwa mkusanyiko wote wa vyombo vya kaka yake utapigwa mnada. Malalamiko yalizuka Ireland. Watu walihofia kwamba litanunuliwa na tajiri fulani wa ng'ambo na kufungiwa katika sefu, wakaitaka serikali ilinunue kwa niaba ya taifa.

Oktoba 17, 2024, katika mnada wa Bonhams jijini London, liliuzwa kwa pauni 889,400, ada zikiwemo. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Live Nation Gaiety, waandaaji wa matamasha nchini Ireland, ambayo ilitangaza kuwa gitaa hilo litatolewa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Ireland. Lilinadiwa likiwa vile vile mwenyewe alivyoliacha, mbao ikiwa wazi, kigingi kimoja hakifanani na wenzake.